Masika yameingia na farasi bandani: tunaofuga farasi na punda Unguja na Pemba tukutane hapa

Bandani_Dole

Assalaam alaykum jukwaa.

Nina kijishamba Dole, mikarafuu michache na mifenesi, na nyuma ya nyumba nina farasi wawili na punda watatu. Kila mvua ikianza, wapita njia huniuliza swali moja: "Hawa hawaoni baridi?" Hawaoni. Farasi mzima joto la mwili wake ni kati ya nyuzi 37.5 na 38.5, na usiku wetu wa baridi kabisa, Julai kusi ikivuma, kipimajoto kinashuka mpaka 20 hivi. Kwa farasi hiyo ni starehe. Kinachomtesa hapa kwetu ni majimaji.

Ardhi yangu yote ni kinongo, ule udongo mwekundu. Pale mlangoni pa banda wanapojikusanya kusubiri majani, ikifika Aprili panakuwa tope la kuzamisha ukwato wote. Kila asubuhi baada ya sala nainua mguu mmoja mmoja na kuchokoa. Ndani ya ukwato katikati kuna kile kipande laini chenye ncha mbele, na ubavuni mwake kuna vijifereji viwili. Humo ndimo shari inapoanzia: kinatoka kitu cheusi cha kunata, na harufu ya uozo mpaka unageuza uso. Nasugua kwa brashi na maji ya chumvi, nakausha kwa kitambaa, namwachia. Hatua tatu karudi topeni.

Farasi wangu jike naye kaota magamba mgongoni. Nywele zinashikana vifungu vifungu, ukikivuta kimoja kinang'oka na gamba lake, chini pabichi pana usaha.

Halafu chakula. Watu wanasema masika majani tele, una shida gani? Majani ni tele lakini ni maji. Farasi wa kilo 400 anataka kama kilo 7 mpaka 8 kwa siku za majani makavu. Majani ya masika sehemu nne kwa tano ni maji, kwa hiyo ili afike hapo nimkatie kilo 35 mpaka 40 mabichi. Hapo bado punda. Mkata majani wangu naye ni binadamu, mvua ya kutwa haji na baskeli. Nikimwambia alete ya siku mbili, lile rundo likilala usiku mmoja ukitia mkono ndani linaunguza, limeshaanza kuchacha. Na farasi hatapiki. Alichokula kibaya kitapita chote tumboni, akisokotwa tumbo ndio mnakesha naye.

Nataka kusikia wenzangu mnafanya nini kwa mambo matatu: sakafu, matandiko ya kulalia, na majani ya akiba. Tafadhali tusianze na "uza ununue bodaboda".

Kijana_wa_Darajani

Uza ununue bodaboda.

Bandani_Dole

Nilijua tu. Endelea na chai yako.

Gari_la_Punda

Wa alaykum salaam. Mie niko Wete, farasi sina, nina punda wawili wa gari, nabeba matofali, mchanga, mkaa, chochote chenye kulipa. Lakini kwenye mvua naomba niseme, kwani watu wanamdhania punda ni mnyama wa shida, hajali kitu. Punda anaumia na mvua kuliko farasi. Nywele zake hazimwagi maji, zinayanywa mpaka ngozini. Watizame mvua ikianza. Farasi anageuzia upepo makalio, anainamisha kichwa, anasubiri. Punda anatafuta paa. Mmoja wangu alipanda kwenye baraza ya duka wazee wamekaa wanacheza bao, akasimama kati yao, hakuna aliyeweza kumtoa mpaka ilipokatika.

Balaa la sie wa gari ni mikanda. Ngozi ya begani na kifuani ikishalainika kwa maji, na mkanda uliolowa ukawa unakwaruza, tripu moja ya matofali inatosha kuichubua. Nakunja kipande cha kanga kuukuu natia chini ya mkanda, na kila tukishusha mzigo nakibadilisha nikatia kikavu. Mvua kubwa sifungi gari kabisa. Wateja wanapiga simu, wanasema maneno yao, nawaachia. Kidonda cha bega kikitokea masika, mpaka kipupwe bado unapigana na inzi.

Kwato zao pia zimesimama wima na zinavuta maji. Zikishalainika, kijiwe kinapenya kwenye ule mstari mweupe baina ya ganda na wayo, usaha unajikusanya ndani, na punda aliyelala mzima anaamka mguu mmoja hauwekei chini. Ukiona hivyo usimpige, mwite anayejua kuchonga kwato autoboe utoke.

Bandani_Dole

Hilo la kanga sikuwa nalo. Ahsante sana sheikh.

Mzenji_Alberta

Jamani, uzi huu umenikuta zizini.

Mimi mtoto wa Jang'ombe, ila sasa nipo Kanada, jimbo la Alberta, nje kidogo ya Calgary, nafanya kazi kwenye shamba dogo la farasi. Wacha niwape picha ya huku, maana Bandani_Dole kasema kweli kuliko anavyodhani.

Januari kipimajoto kinasoma -25. Kitu cha kwanza asubuhi ni maji, chakula baadaye. Farasi mmoja anakunywa lita 25 mpaka 45 kwa siku. Maji yakiwa karibu na kuganda anapunguza kunywa, na wakati huo huo anakula majani makavu tupu. Chakula kinakauka utumboni na kuziba. Tuna ndoo zenye waya wa umeme wa kupasha maji, lakini umeme ukikatika ni shoka. Ukishavunja lazima uvitoe vile vipande, ukiviacha maji yanashikana tena kabla hujafika ndoo ya pili.

Pili ni kwato. Theluji inajishindilia ndani, hasa kwa farasi mwenye kiatu cha chuma, ikawa donge juu ya donge mpaka maskini anatembea kama bibi harusi asiyezoea viatu virefu. Tunagonga kwa nyundo ndogo. Ndiyo maana wengi wao tunawavua viatu msimu wote wa baridi.

Tatu ni manyoya, na hapa wengi wanakosea, hata wenyeji wa huku. Manyoya ya baridi hayaletwi na baridi, yanaletwa na mchana kufupika. Desemba jua letu linatoka saa mbili na nusu na zaidi, saa kumi na nusu jioni limeshazama. Mwili wa farasi unahesabu mwanga. Unguja mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote hazipishani hata saa moja, kwa hiyo farasi wa Dole hawezi kuota koti la namna hii, na halihitaji. Huku ukimkuta farasi kasimama na theluji mgongoni haiyeyuki, usimwonee huruma. Maana yake joto lake halitoroki. Farasi aliyezoea, aliyenona, aliye mkavu, mpaka -15 hivi hana habari. Lakini mpige mvua ya nyuzi 3 na upepo juu yake, nywele zikalala, atatetemeka mbele yako.

Na usiku wa baridi kali hatumwongezi nafaka, tunamwongeza majani makavu. Yanachachuka kwenye utumbo mpana na uchachukaji ule ndio unaompa joto.

Sasa hesabu ya akiba. Kuanzia Oktoba mpaka mwanzo wa Mei malisho hakuna. Kilo 9 kwa siku kwa siku 200 ni tani 1.8, farasi mmoja tu. Yote yanakatwa kiangazi, Julai, yanafungwa marobota yanaingia ghalani. Mvua ikinyesha mfululizo wiki hiyo, tajiri wangu halali.

Siku tunayoiogopa wala si ile ya -30. Kuna upepo unaitwa Chinook, unashuka kutoka milima ya Rocky. Asubuhi -20, mchana imepanda juu ya 0, theluji inakuwa maji, usiku yanaganda, kesho uwanja mzima ni kioo. Farasi akiteleza pale akavunjika mguu ndio basi. Tunamwaga majivu na mchanga njia nzima ya kwendea majini.

Kijana_wa_Darajani

-25? Friza la samaki dukani kwa mjomba ni -18. Mnaishi humo ndani kwa hiari yenu?

Mzenji_Alberta

Kwa hiari ya mshahara.

Pwani_Paje

Sisi wa huku kusini mashariki tope hatulijui. Ardhi ni mchanga na mawe, mvua ikikatika baada ya muda mfupi umekauka unatembea na soksi. Shida yetu ni ya aina mbili.

Ya kwanza ni huo huo mchanga. Farasi akilishwa chini anaokota majani na mchanga wake, unajikusanya tumboni kidogo kidogo, siku moja anaanguka anajiviringisha. Namna ya kujua ni rahisi. Chukua mavi mabichi, yaliyoko juu, yasiyogusa chini, konzi mbili tatu. Tia kwenye chupa ya maji isiyo na rangi, jaza maji, tikisa, itundike. Baada ya muda tizama kitako. Ukiona tabaka la mchanga limekaa, huyo anameza. Dawa yake ya kwanza ni kuacha kulisha chini. Sisi tumejenga hori la saruji, na chini yake tumetandika mkeka wa mpira, kinachodondoka tunafagia.

Ya pili ni njaa ya mwenye farasi. Aprili na Mei hoteli nyingi zinafunga, wageni hamna, hakuna anayepanda farasi ufukweni. Farasi hajui kama ni miezi mibaya ya biashara, anakula vile vile. Anayetaka kuingia kwenye kazi hii kwa kuona picha za machweo apige kwanza hesabu ya miezi hiyo. Nimeshaona watu wanapunguza chakula wakisubiri Juni, na Juni farasi anatoka bandani mbavu unazihesabu, kisha anapandishwa mtu mzima wa kilo 90. Hilo halifai na wala halifichiki.

Faida ya miezi hiyo ni moja, wanapumzika migongo.

Mama_wa_Bambi

Mie nafuga ng'ombe wa maziwa, na mume wangu kaleta farasi mmoja mkongwe, kapewa na mtu aliyehama. Mvua hizi kupe wamemjaa masikioni na chini ya mkia. Dawa ya kuogeshea ng'ombe ninayo, ya amitrazi, je nimwogeshe naye humo humo? Na magamba ya mgongoni bibi yangu akitumia mafuta ya nazi. Naomba msaada kabla ya Ijumaa, ndiyo siku yetu ya kuogesha.

Ami_Mifugo

Bi Bambi, usimwogeshe! Nimeona ujumbe wako nikaacha kula.

Amitrazi kwa ng'ombe ni dawa nzuri, kwa farasi ni sumu. Inasimamisha utumbo. Anaacha kunya, chakula kinaziba, na unaweza kumpoteza. Punda pia usimwekee. Kwa kupe wa farasi zipo dawa za jamii ya permethrini zilizoandikwa kuwa ni za farasi. Muulize daktari wa mifugo wa wilaya yako kipimo. Kabla ya hapo kaa naye na kikopo chenye mafuta ya taa kidogo, ng'oa kwa mkono mmoja mmoja utumbukize humo. Ni farasi mmoja tu, saa nzima umemaliza, na masikioni ndiko uanzie.

Maadamu nimeshafungua mdomo, niseme mengine, kwani miaka niliyofanya kazi hii farasi wengi niliowaona wanakufa hawakufa kwa mvua. Walikufa kwa kula chakula cha mnyama mwengine, au kwa pumba zilizovunda mvua hizi hizi.

Chakula cha kuku cha dukani mara nyingi kinatiwa monensini ya kuzuia maradhi ya kuhara. Kuku haimdhuru. Farasi kiasi kidogo tu inaharibu moyo wake. Kwa hiyo pipa la kuku na pipa la farasi visikae pamoja, na kijana anayelisha aambiwe kwa nini, sio aambiwe tu asichanganye.

Mahindi na pumba za mahindi masika zinaota ukungu kwenye gunia hata hujafungua. Sumukuvu mmeisikia sana kwa upande wa watu. Kwenye mahindi kuna ukungu mwengine ambao sumu yake, fumonisini, inakula ubongo wa farasi. Anayumba, anagonga ukuta kwa paji la uso, haoni, siku mbili tatu kafa. Tiba haina. Nusa gunia, tia mkono mpaka chini. Likitoa harufu ya chumba kilichofungwa au mabonge, fukia. Usiseme "nitawapa kuku".

Pumba za mpunga nazo, nyingi na za bei rahisi, zina fosforasi nyingi na chokaa, yaani kalsiamu, kidogo. Ukimlisha hizo kila siku miezi na miezi, mwili unakwenda kuichukua chokaa kwenye mifupa. Utamwona uso unavimba juu ya taya, anachechemea bila kidonda. Majani ya tembo pia yana tindikali inayofunga chokaa isitumike, kwa hiyo majani ya tembo na pumba za mpunga kwa pamoja ni hasara juu ya hasara. Changanya na majani mengine, ukoka kama upo, na umwongeze chokaa ya mifugo.

Magamba ya mgongoni yanaletwa na kijidudu cha bakteria kinaitwa Dermatophilus congolensis, kinapenda ngozi iliyolowa na isiyopata hewa. Ndiyo sababu mafuta ya nazi juu ya magamba mabichi siyaungi mkono, bibi yako aniwie radhi. Yanakifunika kikastarehe. Mtie chini ya paa, lainisha magamba kwa maji ya uvuguvugu yenye dawa ya kuoshea vidonda, yatoke kwa upole bila kuyang'oa kwa nguvu, kisha kausha kabisa. Brashi na kitambaa chake kisiguse farasi mwengine. Yakienea sana au akipata homa, anahitaji sindano. Mafuta ya nazi tumia baadaye nywele zikishaota, hapo hapana ubaya.

Na chanjo ya pepopunda. Tope, misumari ya mabati ya zamani, kwato zenye matundu. Farasi anapatwa upesi kuliko karibu wanyama wote tunaofuga. Msingoje jeraha.

Mama_wa_Bambi

Allah akulipe kheri ami. Nimeshamwambia kijana aifungie dawa kabatini. Mkongwe mwenyewe yuko chini ya mwembe anatutizama tu.

Kijana_wa_Darajani

Sasa nauliza kweli, sichezi. Kwa nini mashamba ya Unguja mimi nimekua naona ng'ombe na punda tu, farasi nimekuja kuwaona ukubwani, tena ufukweni?

Ami_Mifugo

Swali zuri kuliko lile la bodaboda.

Sababu moja kubwa ilikuwa ndorobo, yaani mbung'o. Unguja alikuwepo aina moja, Glossina austeni, anakaa vichakani na misituni, Jozani na kwengineko. Anaambukiza nagana, maradhi ya malale ya mifugo. Ng'ombe anadhoofu, farasi ndiye dhaifu zaidi. Punda wa mjini waliokolewa na kuishi mjini. Zamani matajiri walikuwa na farasi wao na wale punda weupe wa Maskati, lakini wa kutunzwa kwenye majumba, si wa kuachwa shamba.

Kazi ya kumwondoa ilikamilika miaka ya 1990. Baada ya mitego na dawa za kupaka ng'ombe kumpunguza, walizalisha madume wa ndorobo kule Tanga, wakawafanya tasa kwa mionzi, halafu ndege ndogo ikawa inayadondosha maboksi yao juu ya kisiwa. Jike akipandwa na dume tasa hapati mtoto. Walimwagwa zaidi ya milioni 8 tangu 1994. Wa mwisho kunaswa ilikuwa 1996, na 1997 Unguja ikatangazwa haina ndorobo. Pemba hakuwepo tangu asili.

Kwa hiyo farasi unaowaona leo Dole au Paje wanaishi juu ya kazi ile.

Tulichobaki nacho ni usubi. Huko Bara wale ndio wanaoeneza maradhi makubwa ya farasi ya Afrika, na wanauma zaidi magharibi na alfajiri. Farasi aingie ndani kabla ya magharibi. Moshi wa makumbi unasaidia, ila uwe nje upande wa upepo, usimfukizie banda zima akapata kikohozi.

Mtaka_Koti

Naona kuna makoti ya mvua ya farasi yanauzwa mtandaoni. Si ungewavisha tu, wakae wakavu, ukamaliza mjadala?

Mzenji_Alberta

Ndugu yangu, hata huku koti wanavaa wazee, waliokonda, na wale walionyolewa kwa ajili ya kazi. Kwa Unguja, nyuzi 28 na unyevu wa masika, ukimfunika plastiki atalowa kwa jasho lake mwenyewe kwa ndani, na magamba yatanawiri. Pesa hiyo itie kwenye sakafu.

Fundi_wa_Fusi

Hapo nipishe. Mimi kazi yangu ni misingi na karo, lakini nimeshatengeneza vibanda vya ng'ombe Mwera na Kianga, na tope ni tope.

Kosa ninaloliona kila mahali ni mtu kumwaga kifusi juu ya tope. Linakinywa. Unamwaga tena, linakinywa tena. Kwanza toa tope lote mpaka ukute ardhi ngumu, hata ikiwa futi nzima. Kisha chimba mtaro upande wa juu, kule maji yanakotokea, uyakate yapite pembeni kabla hayajafika bandani. Maji yakikatwa nusu ya kazi imekwisha. Halafu tandika mawe makubwa ya uwanda, juu yake kokoto, juu yake fusi laini ulishindilie kwa maji mpaka likamatane. Acha mteremko, usiwe wa kumchosha kusimama, kiasi maji yajue pa kwenda. Saruji tupu sikushauri kwa farasi, inateleza na inamuumiza miguu. Ukiweka, ikwaruze kabla haijakauka.

Huna haja ya kutandika uwanja mzima. Tandika pale wanaposimama: mlangoni, kwenye hori, kwenye maji.

Na paa liwe na mfereji wa kukusanya maji. Bati la mita za mraba 40, mvua ya milimita 50, ni lita 2,000. Ukiyaacha yanaporomoka mbele ya mlango, unatengeneza tope mwenyewe. Ukiyapeleka kwenye tangi, farasi wawili wanakunywa wiki tatu.

Bandani_Dole

Hilo la paa limenichoma. Banda langu nusu bati nusu makuti, na bati ndilo linamwaga mlangoni. Makuti sitayaondoa kwa sababu chini yake pana ubaridi Januari, na mvua ikipiga bati jike anahangaika usiku kucha.

Matandiko je? Maranda ya mbao nayapata kwa mafundi seremala, lakini masika yananuka mkojo upesi.

Pwani_Paje

Usitandike yote mapya kila siku. Toa mavi na sehemu iliyolowa tu, asubuhi na jioni, mwaga makavu juu. Sisi tunachanganya na vumbi la makumbi, linanyonya vizuri kuliko maranda. Hakikisha limekauka kabla ya kulitia.

Mavi yasikae uwanjani. Minyoo inapenda masika. Yalundike pamoja, yapate moto, baada ya miezi miwili mitatu wenye bustani za mboga watakuja wenyewe na magari.

Gari_la_Punda

Sasa la majani ya akiba, naona hakuna aliyelijibu. Hapa Pemba sie ni watu wa kuanika, mkono umezoea.

Bara wanafunga hei kwa mashine, na ukiagiza inakuja kwa jahazi. Ikilowa njiani umenunua ukungu. Mie nakata yangu kipupwe. Masika yakiondoka, majani yameshapanda, na kuanzia Juni kusi inavuma kavu, jua lipo lakini halichomi sana. Nakata asubuhi umande ukishatoka, natandaza kwenye majamvi yale yale ya karafuu kabla msimu haujaanza, nageuza adhuhuri, jioni nakusanya nafunika, kesho naanika tena. Siku mbili tatu kwa majani membamba. Majani ya tembo yana shina nene, nje yamekauka ndani mabichi, hayo nawapa mabichi tu.

Kujua kama yamekauka, chukua konzi uisokote kama kamba. Ikilainika bado. Ikikatika katika lakini rangi bado ya kijani, tayari. Kama huna hakika, yakate vipande vidogo, tia kwenye chupa kavu na chumvi, tikisa. Chumvi ikishikana ubavuni, yana maji. Ila chumvi yetu yenyewe inalowa kwa kuitizama tu, kwa hiyo ianze kuikausha juu ya jiko.

Kufunga natumia kasha la mbao lisilo kitako wala mfuniko. Nalaza kamba mbili chini, natia majani, nakanyaga kwa miguu, natia tena, mpaka linajaa. Nafunga, nalivua kasha, robota hilo hapo, kilo 15 mpaka 20. Linapangwa darini au juu ya magogo, lisiguse chini wala ukuta.

Bandani_Dole

Wallahi hili ndilo nililokuwa nalitafuta. Vipimo vya kasha? Na juu ya jamvi nikianika hayanyonyi harufu ya karafuu wakayakataa?

Gari_la_Punda

Urefu kama sentimita 80, upana 50, kina 40. Mbao iliyopigwa randa ndani ili robota liteleze. Harufu ya karafuu punda wangu wameizoea. Farasi wako sijui matumbo yao yana ubwana gani, wajaribu kidogo.

Mzenji_Alberta

Swali kwako Gari_la_Punda: kamba gani? Huku tunatumia ya plastiki na kila mwaka tunakuta vipande kwenye mavi.

Gari_la_Punda

Ya usumba, nasokota mwenyewe au nanunua sokoni. Ya plastiki sitii. Ikikatika kipande kikapotelea ndani ya majani, punda anakimeza pamoja, na hakiozi. Ya usumba hata akiila kidogo ni nazi tu. Nazifungua zote, nazihesabu, nazitundika msumarini mpaka mwakani.